Je, wajua kwa nini Pasolini alimtafuta Agamemnon Kigoma?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtu mmoja kutoka Roma alizunguka Uganda na Tanzania na kamera, akitafuta sura za watu. Huko Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika, aliwapiga picha watu waliokuwa katika shughuli zao. Katika filamu iliyotokana na safari ile, sauti yake inasikika ikijiuliza: huyu je, hawezi kuwa Agamemnon? Sasa Agamemnon, mfalme wa Wagiriki wa kale, na Kigoma wapi na wapi?

Mtu huyo ni Pier Paolo Pasolini, mshairi, mwandishi wa miswada ya filamu na mwongozaji. Alizaliwa Bologna tarehe 5 Machi 1922. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Mama yake, mwalimu wa shule, alitoka Casarsa katika eneo la Friuli. Diwani yake ya kwanza, ya mwaka 1942, aliiandika kwa Kifriuli, lugha ya wakulima wa kwao mama yake. Mimi naona ukilishika hilo umemshika Pasolini mzima: alikuwa akiufuata uzuri kule ambako wakubwa hawatazami.

Mwaka 1950 alihamia Roma na mama yake, wakaishi katika vitongoji vya maskini. Lugha ya vijana wa huko akaijua hasa, hata mwongozaji Federico Fellini akamwomba amsaidie mazungumzo ya filamu yake ya mwaka 1957. Alipoongoza filamu yake ya kwanza, Accattone, mwaka 1961, aliwachezesha vijana walewale wa mitaani. Katika filamu yake ya Injili ya Mathayo, ya mwaka 1964, Yesu ni mwanafunzi kutoka Hispania ambaye hakuwahi kuigiza, na Mariamu wa uzeeni ni mama mzazi wa Pasolini. Humo pia unasikika Gloria wa Missa Luba, misa ya Kilatini yenye mahadhi ya Kikongo, ulioimbwa na kwaya ya Kamina, kule Kongo.

Turudi kwa Agamemnon. Mwaka 1960 Pasolini alikuwa ametafsiri kwa Kiitaliano Oresteia, tamthilia tatu za Aeschylus, mwandishi wa Ugiriki ya kale. Mfalme Agamemnon anarudi kutoka vitani, mkewe Clytemnestra anamuua. Mwana wao Orestes analipa kisasi kwa kumuua mama yake, na mizimu ya kisasi inamwandama. Mwishowe mungu Athena anaunda mahakama. Orestes anaachiwa, na ile mizimu haifukuzwi: inapewa makao mjini, igeuke kuwa ya baraka.

Hapo ndipo penye jibu. Pasolini aliziona nchi zilizotoka kupata uhuru, Tanganyika mwaka 1961 na Uganda mwaka 1962, akaona swali lilelile la Aeschylus: watu wanaingiaje katika mabunge na mahakama mpya bila kuizika mizimu yao? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akakipa nafasi ya hekalu la mungu Apollo. Mizimu ya kisasi akaiona katika miti mikubwa inayotikiswa na upepo. Electra, dada yake Orestes, binti mwenye chuki na kiburi, ndiye aliyemsumbua kumpata, kwa sababu wasichana aliokutana nao walikuwa wakicheka.

Kisha akafanya jambo ninalomheshimu nalo sana. Aliwaonyesha picha zake wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Roma, akawauliza wanaonaje. Walimpinga: Afrika si nchi moja, na huwezi kuieleza kwa neno kabila. Walikuwa na haki. Naye hakuyakata maneno yao. Yamo ndani ya filamu, mbele ya kila mtazamaji.

Filamu kamili yenye waigizaji haikutengenezwa. Zilibaki picha za maandalizi, alizozikamilisha mwaka 1970 na kuziita vidokezo vya Oresteia ya Kiafrika, zikiwa na saksafoni ya Gato Barbieri wa Argentina. Pasolini aliuawa Ostia, karibu na Roma, tarehe 2 Novemba 1975, akiwa na miaka 53.

Kwa ile mizimu inayogeuka kuwa ya baraka alichagua ngoma ya Wagogo, aliyoipiga picha Dodoma. Aliona kwamba hatua zilizokuwa za ibada zamani sasa zilichezwa kwa furaha tu, na kamera yake ikatulia kuwatazama wakicheza.