"Poor" si maskini peke yake

Kipeperushi cha kilimo kililetwa mezani kwangu nikihariri. Kilikuwa kimeshafasiriwa kutoka Kiingereza na kilikuwa kinapelekwa kwa wakulima wa Muheza. Mstari wa tatu ulisema: "Mahindi hayastawi kwenye udongo maskini wenye upitishaji maskini wa maji." Mkulima akisoma hivyo atacheka, halafu karatasi itaishia kufungia vitumbua.

Kazi yangu ni kufasiri na kufundisha Kiingereza hapa Tanga, na neno "poor" hunisumbua kuliko maneno marefu. Maneno marefu mtu huyafungulia kamusi. Hili kila mmoja anadhani analijua tangu shule ya msingi: poor ni maskini, tumemaliza.

Kiingereza hulitumia hasa kwa mambo matatu: kukosa mali, kuwa chini ya kiwango, na kuonewa huruma. Fujo nyingi zinatokana na hilo la pili. Kiswahili hakina neno moja la kubeba ubovu wa kila kitu, wala hakilihitaji, maana kila kitu kwetu kina ubovu wake. Udongo hauna rutuba, au umechoka. Maji hayapiti, yanatuama. Barabara ni mbovu, mwanga ni hafifu, mlo ni duni, mwanafunzi kafanya vibaya. "Poor excuse" ni kisingizio tu, hakihitaji sifa nyingine. "Poor loser" ni mtu asiyekubali kushindwa, na hao tunao wengi, nenda Mkwakwani siku ya mechi. Kadi ya kliniki ikiandikwa "poor appetite", maana yake mtoto hataki kula. Mama mwenyewe ndivyo alivyomwambia nesi, "hataki kula", kabla nesi hajayageuza kuwa Kiingereza. Mfasiri mzuri anarudisha yale maneno ya mama.

Kwenye huruma, lugha hizi mbili zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa na sisi tunahurumia kwa neno hilohilo. Tajiri mwenye maduka Ngamiani akifiwa na mwanawe, majirani watasema "maskini mzee wa watu!" na hakuna atakayedhani biashara imekufa. Angalia neno limekaa wapi. "Maskini mzee" ni huruma, "mzee maskini" ni mfuko. Kiingereza hakina nafasi ya kuchezea namna hiyo, kwa sababu sifa hutangulia jina katika hali zote mbili. Ndiyo maana "the poor man" inaweza kuwa hili au lile, na huna budi kusoma aya nzima kabla ya kuamua. Dalili moja inasaidia: neno likihamia nyuma ya kitenzi, huruma inaondoka. "Poor Ali" ni Ali wa kusikitikiwa. "Ali is poor" ni Ali asiye na kitu.

Kwenye visawe, sisi wa pwani tuna bahati ya kuanzia chuoni, yaani madrasa. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahili zaka, na mawili ya mwanzo ni mafakiri na maskini. Nani kati yao ana hali mbaya zaidi? Wanazuoni wamelijadili tangu zamani. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi huku kwetu, yanasema ni fakiri: huyu hana kitu, au akipatacho hakifiki hata nusu ya mahitaji yake. Maskini anacho ila hakimtoshi. Anahitaji kumi, anapata saba au nane. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu nyingine, wanaona kinyume. Hoja mojawapo ya Mashafii inatoka Sura Al-Kahf, aya ya 79, kwenye kisa cha chombo kilichotobolewa: wenye chombo wanaitwa maskini wafanyao kazi baharini, ilhali chombo ni chao. Mvuvi wa Sahare anaielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Ana ngalawa, ana nyavu, na bado mwezi unamshinda.

Sasa tazama tafsiri za Kiingereza. Nyingi huandika "the poor and the needy". Hapo "poor" amekaa kwenye kiti cha fakiri, na maskini amekuwa "needy". Ukichukua maandishi hayo na kuyarudisha Kiswahili kama "maskini na wahitaji", umemfuta fakiri kabisa na kumketisha maskini mahali pasipo pake. Nimeyaona hayo kwenye tangazo la mchango wa Ramadhani, na waliosoma fikihi walinung'unika kwa haki. (Neno letu "fukara", kwa taarifa, limetoka kwenye wingi wa Kiarabu wa fakiri. Tukalifanya mtu mmoja, halafu tukasema "mafukara", wingi juu ya wingi.)

"Poor" lenyewe limetoka Kilatini, kwenye neno "pauper", likapitia Kifaransa cha kale. "Poverty" ni la ukoo huohuo. Baadaye Waingereza wakalichukua tena "pauper" kama lilivyo, nalo likaangukia kwenye sheria. Sheria ya maskini ya 1601 ilizibebesha parokia jukumu la kuwatunza, na ile ya 1834 ikawasukuma kwenye nyumba za kazi (workhouses), walikolazimika kufanya kazi ili watunzwe. "Pauper" akawa mtu anayelishwa kwa fedha za parokia. Leo kumwita mtu hivyo ni kumtukana.

"Destitute" ndiye fukara au hohehahe, asiye na chakula wala pa kulala. "Indigent" utalikuta mahakamani na hospitalini, na Kiswahili cha ofisini husema "asiye na uwezo". "Underprivileged" na "low-income" ni maneno ya watu wa miradi wanaoogopa kusema maskini mbele ya maskini, na sisi tumeyapokea kwa "wa kipato cha chini". Sina ugomvi nayo sana, ila huwa najiuliza heshima hiyo ni ya nani, kwa kuwa serikali yenyewe inaita mpango wake Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini na sijasikia kaya iliyoukataa kwa sababu ya jina.

"Broke" ni jambo jingine kabisa. Ni hali ya kupita, kama kusema nimefulia au nimeishiwa, na hata mwenye nyumba tatu anaweza kuwa "broke" tarehe ishirini na tano. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye barua ya kuomba ufadhili, "My parents are broke." Nilipompigia mstari akashangaa: "Lakini Mwalimu, si kweli hawana hela?" Kweli hawana. Ila msomaji wa barua atadhani mshahara ukitoka mambo yatakuwa sawa, na ataona mwandishi amezungumza naye kijiweni. Tukaandika kwamba wazazi hawamudu ada. Wala neno "poor" halikuhitajika.

Katika visawe vyote, ninachokipenda ni "impoverished", kwa sababu kina kitenzi ndani yake. Kuna kitu au mtu aliyefanya hivyo. Kiswahili nacho kina uwezo huo: kufukara, kufukarisha, kufukarishwa. Ukiandika kwamba manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga enzi za ukoloni walikuwa "poor", umeeleza walivyokuwa. Ukiandika "impoverished", msomaji atauliza nani aliyewafukarisha, na utapaswa kuwa na jibu. Chagua kwa makusudi. Na usisahau kwamba "manamba" lenyewe ni la kuazima kutoka Kiingereza, kwa sababu ya namba walizopewa wafanyakazi hao.

Kwa watu wa takwimu hakuna visawe, kuna uzio. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wakawa chini yake. Humo andika maskini bila kusita, na usilibadilishe kila sentensi kwa ajili ya madoido. Mwalimu wa insha anataka maneno tofauti tofauti, mtakwimu anataka lilelile hadi ukurasa wa mwisho.

Sarufi kidogo, kwani makosa haya nayasahihisha kila muhula. "The poor" ni watu wengi tayari: "the poor are", kamwe si "the poor is" wala "the poors". Ukimtaka mmoja, sema "a poor person".

Na "poorly" halina maana moja. "Poorly paid" ni mwenye malipo duni. Lakini Mwingereza akikwambia "my mother is poorly", mama yake hajafilisika: anaumwa, na jibu lake ni pole.