Saint-Exupéry hakuwa na bunduki, tuelewane

Juzi tena mtu kaniambia Antoine de Saint-Exupéry, yule rubani na mwandishi Mfaransa wa Le Petit Prince, alikufa akipigana angani, mwingine akadakia eti hapana, alipotelea jangwani. Bana. Jangwani alianguka 1935, huko Misri, yeye na fundi wake Prévot, kiu nusura iwamalize, Mbedui akawaokoa. Hiyo tumemaliza.

Ya kupigana ndo inanikera maana mimi kazi yangu ni picha za anga, za ramani. Jamaa alirusha F-5B. Ni P-38 ileile, ndege ya kivita ya Kimarekani, ila pale puani zinapokaa bunduki nne na mzinga, vyote vimeng'olewa wakaweka kamera. Rubani wa picha akiona adui anakimbia, basi. Na ukiwa kwenye laini, yaani ule mstari ulionyooka unaourukia ukipiga picha, huwezi hata kukwepa, ukilaza bawa kidogo tu picha zinaenda upogo, hazipandani, unabaki na pengo katikati ya ramani na laini nzima unairudia. Mimi presha inanipanda kwa kawingu kamoja tu, na hakuna anayenirushia risasi!

Sasa mchukue yeye, tarehe 31 Julai 1944, anatoka Borgo kule Corsica peke yake kwenda kupiga picha upande wa Grenoble na Annecy, Ufaransa, ana miaka 44, mifupa ilishavunjika kwenye ajali ya Guatemala 1938, hata ovaroli ya kurukia anasaidiwa kuvaa. Halafu mita 9,000 huko, kabini haina presha, unaishi kwa barakoa ya oksijeni. Huyo umwambie aruke na parachuti? Hakurudi.

1998 bangili yake ikanaswa kwenye nyavu za mvuvi karibu na Marseille, watu wakasema feki. 2003 wakaopoa vipande vya ndege, kimoja kina namba 2734 L imegongwa kwenye chuma, na 2004 ikathibitishwa ni yake. 2008 mzee wa Kijerumani, Horst Rippert, aliyekuwa rubani wa kivita, akasema ni yeye aliyemtungua. Mi simwamini sana, na vyuma havina tundu la risasi, ila hapo nami nijishike kidogo, maana kilichoopolewa ni sehemu ndogo tu ya ndege, matundu yanaweza kuwa bado yako chini huko.

Mi naegemea oksijeni. Ikikata juu kule huumii, unajisikia raha tu halafu unazima. Fundi wangu anasema naegemea huko kwa sababu ndo kitu ninachokiogopa mimi mwenyewe, na sina cha kumjibu.