Saratani ya Kichwa na Shingo kwa Vijana: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Dhana inayodhuru kuliko zote ni ile isemayo kwamba saratani ya kinywa, pua, koo na shingo ni ugonjwa wa wazee waliovuta sigara maisha yao yote. Ni kweli kwamba wagonjwa wengi wameshapita miaka 50, na kwamba tumbaku na pombe ndizo visababishi vikuu. Hata hivyo, historia ya Uganda yenyewe inaikanusha dhana hiyo. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto. Mwaka 1964 wanasayansi mjini London waligundua ndani ya seli za uvimbe huo kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr, na kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya kuwatibu watoto hao ndicho kilichokua hadi kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Uvimbe wa Burkitt ni saratani ya mfumo wa limfu, yaani tezi na mishipa ya kinga ya mwili, na hauwekwi kundi moja na saratani ya ulimi au ya koromeo. Lakini kirusi hicho hicho kinahusika pia na saratani ya sehemu ya juu ya koromeo, nyuma ya pua, ambayo huwapata hata vijana walio chini ya miaka 20, wakiwemo wasiowahi kugusa sigara wala waragi.

Saratani hiyo ya nyuma ya pua hukaa mahali ambapo mtu hawezi kujitazama kwa kioo. Mara nyingi dalili ya kwanza ni tezi iliyovimba shingoni, isiyouma, na hapo ndipo inapoingia dhana ya pili, kwamba tezi ya shingo kwa kijana ni TB tu. TB ya tezi ipo kwa wingi nchini, kwa hiyo mhudumu wa afya anayeifikiria kwanza hakosei. Kosa ni kumwanzishia mgonjwa dawa za miezi sita bila kuchukua sampuli yoyote, kisha kumwambia asubiri. Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda mjini Arua. Tezi yake ilianza ikiwa kama punje ya hindi, sasa mkanda wa helmeti haufungiki vizuri. Sikio la upande huo limeziba, naye amepewa dawa ya matone. Asubuhi akipenga kamasi huona damu, akaambiwa ni vumbi la barabarani. Kila dalili imetibiwa peke yake, kila moja katika duka lake la dawa, na hakuna aliyekaa naye akaziunganisha. Sindano nyembamba inayovuta seli kutoka kwenye tezi ni kazi ya dakika chache, na mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Daktari, mbona sampuli haijachukuliwa?"

Kipimo cha kukumbuka ni wiki tatu. Kidonda cha mdomoni kisichopona, sauti iliyokwaruza, uvimbe wa shingo, maumivu ya kumeza, pua iliyoziba au kutoka damu upande mmoja: lolote kati ya hayo likizidi wiki tatu, daktari aangalie, hata kama mwenye nalo ana miaka 22 na anacheza mpira kila jioni. Kutouma si dalili ya usalama.

Wengine hufika hospitalini, kisha wakakataa kipimo kwa kuamini kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Naielewa hofu hiyo, kwa sababu imetokana na mambo ambayo watu wameyaona kwa macho yao: jirani alipelekwa hospitali, akakatwa kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya kipimo, na baada ya miezi miwili akazikwa. Kisichosemwa matangani ni kwamba jirani huyo alikuwa ameshakaa mwaka mzima na uvimbe, akizunguka kwa waganga wa mitishamba, na saratani ilikuwa imesambaa kabla kisu hakijamgusa. Bila kipande hicho kwenda maabara, daktari hajui aina ya saratani, na bila kujua aina hawezi kuchagua tiba.

Shisha nayo husifiwa kwamba maji huchuja sumu. Hayaichuji. Sheria ya Uganda ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 ilipiga marufuku shisha pamoja na tumbaku ya kutafuna, na ikakataza kumuuzia tumbaku yeyote aliye chini ya miaka 21. Anayevuta na kunywa pombe kwa pamoja hujiongezea hatari mara nyingi kuliko anayefanya moja tu.

Kuna pia kirusi cha papiloma, yaani HPV, ambacho aina yake ya 16 husababisha saratani ya tonsili na ya shina la ulimi kwa wanawake na wanaume. Barani Afrika mchango wake katika saratani za koo unaonekana kuwa mdogo kuliko Ulaya na Marekani. Wapo wanaodai kwamba mwenye kirusi hicho ni mzinzi, na huo ni uonevu mtupu, kwani watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani na mwili hukiondoa wenyewe. Chanjo yake, inayotolewa kwa wasichana nchini kote tangu 2015, haileti utasa. Saratani yenyewe haiambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa.

Mwisho ni dhana kwamba tiba ya mionzi haipatikani Uganda. Mashine pekee ya nchi iliharibika mwaka 2016, na mpya ikaanza kazi 2018. Leo Mulago ina zaidi ya moja. Tiba ya mionzi kwa kawaida huchukua wiki sita hadi saba, siku tano kwa wiki, hivyo anayetoka Kasese au Moroto apange mapema mahali pa kulala Kampala. Aonwe kwanza na daktari wa meno, maana jino bovu likingʼolewa baada ya mionzi, mfupa wa taya huweza kukataa kupona. Na kijana anayetarajia kupata watoto aulize kuhusu uzazi kabla ya kuanza dawa za kemikali, wakati bado kuna la kufanya.