Ukipasua yai ukakuta viini viwili

Siku chache kabla ya Ramadhani, mama mmoja wa Wete alikuja ofisini kwetu na bakuli lililofunikwa kawa. Alikuwa anatengeneza mkate wa mayai kwa trei aliyoinunua asubuhi ile. Yai la kwanza viini viwili, la pili vivyo hivyo. Alipofika la nne mkono ukasita. "Mwanangu, hawa kuku wanapewa dawa gani?"

Si dawa. Mabaki ya dawa, kama yapo, hayaonekani kwa macho. Alichokiona ni umri wa kuku.

Yai huanzia kwenye kiini. Viini hukua kwa zamu ndani ya kuku, vikubwa kwa vidogo, mfano wa kichala cha zabibu. Kimoja kikikomaa huchomoka, hudakwa na mrija wa mayai, huvikwa ute kwa muda wa saa 3 hivi, kisha ngozi, halafu hukaa karibu saa 20 kikijengewa gamba. Safari nzima ni kama saa 24 hadi 26. Sasa mtetea aliyeanza kutaga juzi, homoni zake hazijatulia. Pengine huchomoka viini viwili kwa pamoja, na vyote huvikwa gamba moja.

Kwa kawaida hutajwa yai 1 la namna hii katika kila 1,000, lakini hiyo ni hesabu ya kuku wa rika zote. Trei ya yule mama ilitoka banda moja lenye mitetea watupu, na muuzaji alikuwa ameyapanga makubwa peke yake. Ndiyo maana yakafuatana. Ni mazuri kuliwa, na mjamzito akiyala hazai pacha kwa sababu hiyo. Ila usimwekee kuku ayaatamie: vifaranga viwili hubanana, na mara nyingi hufa kabla ya kutotoka.

Kinachowafanya watu watupe mayai mengi zaidi ni damu, na hapa nataka tuelewane vizuri, kwa sababu kuna damu za aina mbili. Ya kwanza ni doa dogo, jekundu au la hudhurungi, limekaa juu ya kiini au ndani ya ute. Hilo ni mshipa mdogo uliopasuka wakati kiini kinachomoka. Hata kuku wa kisasa ambaye hajawahi kuona jogoo huweza kulitoa. Kiafya halina madhara. Liondoe kwa ncha ya kijiko. Kwa upande wa sharia, muulize sheikh wako, hilo si la kwangu.

Ya pili ni mishipa iliyotandaa juu ya kiini kama nyuzi za utando wa buibui, au duara la damu. Hiyo ni mimba ya kifaranga iliyokwisha anza. Kwa kuku wa kienyeji wanaotembea na jogoo, yai lenye mbegu halihitaji kuatamiwa ili lianze kukua; joto letu la kaskazi linatosha kuliamsha, likiachwa siku mbili tatu kwenye kiota au juu ya kabati. Hilo litupe. Dawa yake ni kuokota mayai kila siku na kuyaweka pahala pa baridi.

Kwa wafugaji, yai la ngozi tupu, lile linalobonyea mkononi, lina maana zaidi ya viini viwili. Gamba moja hutaka takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku akizikosa, au akihema sana kwa joto, gamba huwa jepesi au halipo kabisa. Huku kwetu pwani chokaa tunaikanyaga: makombe ya chaza, yaoshwe, yakaushwe, yatwangwe vipande vidogo, yawekwe kwenye chombo chake kuku ajidonolee. Lakini mayai hayo yakiwa mengi siku mfululizo, na kuku wanakoroma au wamezubaa, usitwange makombe tu. Huenda ni kideri au ugonjwa mwingine wa kuambukiza. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mengine ni madogo. Kamba nyeupe kandoni mwa kiini ndiyo inayokishikilia katikati. Kiini kilichopauka ni chakula kisicho na majani wala mahindi ya njano. Rangi ya kijani kuzunguka kiini cha yai la kuchemsha ni moto uliozidi. Yai likinuka samaki, punguza dagaa kwenye chakula cha kuku.

La kutupwa bila kujadili ni yai viza, ambalo pua itakwambia kabla ya jicho, na lile ambalo ute wake umegeuka waridi au kijani, maana hapo vijidudu vimeshaingia. Kwa hiyo pasulia kila yai kwenye kibakuli pembeni kwanza, ndipo ulimimine kwenye bakuli la unga. Yule mama angeokoa unga na sukari yake hata kama yai la tano lingekuwa viza.

Na bakteria wa salmonela hana rangi wala harufu. Anaweza kuwa ndani ya yai safi kabisa, la kiini kimoja. Pika mpaka ute na kiini vishikane, nawa mikono baada ya kushika maganda, na ule mwiko wenye unga mbichi watoto wanaougombania jikoni, usiwape walambe.