Kusoma isimu: dhana zinazowakwamisha wengi

"Mwanaisimu lazima ajue lugha nyingi." Dhana hii huwafukuza watu kabla hawajaanza, nayo huniuma kwa sababu si kweli. Isimu huchunguza jinsi lugha inavyofanya kazi, na lugha uliyokua nayo yatosha kuanzia. Tazama umoja na wingi: ubao/mbao, ubavu/mbavu, ulimi/ndimi, kisha ukuta/kuta, upanga/panga, ufunguo/funguo. Mbona nazali (sauti ya puani, m au n) inasikika kwenye kundi la kwanza, haisikiki kwenye la pili? Angalia konsonanti inayoanza shina: b na l ni ghuna, yaani nyuzi za sauti kooni hutetemeka ukizitamka; k, p na f si ghuna. Ukiligundua hilo mwenyewe, umeshafanya fonolojia, yaani uchunguzi wa mfumo wa sauti za lugha.

"Ukiomba msaada utaonekana hujui." Anayeuliza vizuri huonekana amefikiri. Ukiandika "naombeni mnisaidie fonolojia", hata mwalimu mwenye moyo hajui aanzie wapi. Andika hivi: "Nimekusanya nomino hizi sita. Nadhani nazali hudondoka mbele ya sauti isiyo ghuna. Lakini l ya ulimi imekuwaje d katika ndimi?" Hapo kuna data, kuna jibu ulilojaribu, na panaonekana ulipokwama. Huenda ukaambiwa tu utazame pia kamba ndefu, ambapo r ya -refu nayo imegeuka d baada ya n, na kuanzia hapo utaendelea mwenyewe. Msaada wa namna hiyo ni bora kuliko kuandikiwa jibu zima.

"Bila pesa huwezi." Vitabu vingine ni ghali kweli, sikatai. Lakini Language Science Press ya Berlin huchapisha vitabu vya isimu ambavyo yeyote anaweza kuvipakua bure, vikiwemo vya sarufi za lugha ambazo hazijaandikwa sana. WALS, atlasi ya mtandaoni ya miundo ya lugha za dunia, inakuonyesha kwenye ramani, bila malipo, sifa za lugha zaidi ya 2,600: mpangilio wa maneno, toni, idadi ya irabu. Praat, programu ya kuchunguza sauti za usemi iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, nayo ni ya bure. Jirekodi ukitamka "bata" na "pata", fungua rekodi humo, uone kwa macho tofauti ya b na p. Na ukitaka mazoezi, mafumbo ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Isimu, inayofanyika tangu 2003, yapo mtandaoni pamoja na majibu yake.

"Alama za kifonetiki sharti uzikariri zote." Hapana. Hizi ni alama za kuandikia sauti jinsi zinavyotamkwa, nazo hupangwa kwenye chati. Katika chati ya konsonanti, safu wima zinaonyesha mahali pa kutamkia na za mlalo jinsi ya kutamka. Jifunze kuisoma, anza na sauti za lugha yako.

"Makala ikidai malipo, basi tena." Mwandikie mwandishi umwombe nakala, umweleze kwa mistari mitatu unachokichunguza. Wengi hutuma, na wengine huongeza makala ambayo hukujua kwamba ipo.