Hapana, mashine yako haihitaji wati 600

Wiki haipiti bila mtu kuniletea kompyuta ndogo ya mezani ya ofisini, mara nyingi Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya okazioni (iliyokwisha tumika), na maneno ni yale yale: "Kaka, inazimika-zimika. Niwekee alimantasyo ya 600." Alimantasyo ndiyo pawa saplai, boksi linaloilisha mashine umeme. Nikiuliza kwa nini 600, naambiwa hii iliyomo ni dhaifu, imeandikwa 240. Nimechoka kumjibu kila mtu kwenye meza ya kazi, bisibisi mkononi. Naandika hapa, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Kuna kundi la pili linaloogopa kinyume chake, kwamba pawa saplai ya 600 itamaliza umeme wa nyumba. Hao nawajibu haraka: kompyuta inavuta inachohitaji, basi. OptiPlex iliyofungua Word na Excel inavuta makumi machache ya wati, uwe umeifungia 240 au 1000. Kubwa mno hupoteza kidogo zaidi kwa joto, maana ufanisi hushuka mzigo ukiwa chini ya asilimia 20 ya uwezo, lakini si jambo la kukukosesha usingizi.

Sasa lebo. Hapa nitakaa.

Prosesa na kadi ya grafiki zinalishwa na volti 12. Volti 5 na 3.3 zimebaki kwa ajili ya diski, USB na vitu vidogo vidogo. Kwa hiyo namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa boksi haikuambii kitu mpaka usome mstari wa +12V. Chukua boksi la bei rahisi lisilo na jina la maana, limeandikwa 500W kwa rangi nyekundu. Ligeuze. Ukikuta ampea 16 kwenye volti 12, zidisha: wati 192. Hizo ndizo zako. Zilizobaki zimeokotwa kwenye volti 5 na 3.3 ambazo mashine yako haitazitumia, au ni kilele cha muda mfupi tu, au ni wino. Na hapo tumeiamini lebo kwamba hizo ampea 16 ni za kweli!

Halafu geuza ile 240 ya kiwandani uliyoidharau, tuseme ya EliteDesk 800 G1 SFF. Karibu wati zake zote ziko kwenye volti 12, kwa sababu ndivyo mashine ile ilivyoundwa: pawa saplai inatoa 12 peke yake, volti 5 na 3.3 zinatengenezwa na madabodi (ubao mkuu wa mashine) yenyewe. Yaani umelipa pesa ushuke kutoka 240 hadi 192, na umetoka dukani unachekelea.

Piga hesabu. Prosesa ya Core i5-4590 imewekewa wati 84. Kadi kama GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, 75. RAM, diski, feni, wape 30 kwa ukarimu. Jumla haifiki 190. Kadi inayodai plagi ya pini 6 ni jambo jingine: plagi hiyo inaongeza hadi wati 75, ya pini 8 hadi 150, na hapo 240 imekwisha, sibishani. Mtu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, anayefanya montaji (kukata na kuunganisha) ya video za harusi ana sababu ya kuniuliza habari za wati. Anayechapa barua za parokia hana. Na hata huyo wa montaji aangalie kwanza, maana baadhi ya mashine hizi ndogo hazitoi wati 75 kamili kwenye nafasi ya kadi. Kiwanda kimeweka kikomo cha chini, na pawa saplai mpya haikiondoi.

"Lakini jirani yangu aliweka 600 na ikaacha kuzimika." Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu jirani hasemi uongo. Iliacha kweli. Ila si kwa sababu ya wati.

Ndani ya kila pawa saplai mna kapasita kubwa ambayo ni kama pipa la maji jikoni: bomba likikauka kidogo, unachota humo. Kanuni ya ATX, ile inayofuatwa na watengenezaji wa pawa saplai, inataka akiba hiyo ibebe mashine takriban milisekunde 16 au 17 umeme ukikatika. Onduleri (UPS, kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika) ya kawaida inachukua milisekunde kadhaa kuhamia kwenye betri, kwa hiyo kapasita ikiwa nzima hutaona kitu. Sasa mashine imefanya kazi miaka kumi Ulaya, ikaja Lubumbashi, ikavuta vumbi jekundu kiangazi kizima mpaka feni ikaziba. Joto linakausha kapasita. Pipa limebaki na maji ya kikombe. Umeme ukipepesa, onduleri inahamia betri kwa wakati wake, lakini mashine imeshazimika. Jioni, volti zikishuka Katuba kwa sababu kila nyumba imewasha kitu, mambo yanazidi: volti zikishuka, mkondo unapanda ili wati zilezile zipatikane, na joto linaongezeka humo humo.

Basi jirani alifunga pawa saplai yenye kapasita mpya. Hata 240 mpya ingemponya. Lakini alichokiona ni namba 600, na hiyo ndiyo anayotangaza mtaa mzima.

Je, ninaweza kukuthibitishia kabla ya kubadilisha kwamba kosa ni kapasita? Mara nyingi, hapana. Multimita inanionyesha volti 12 safi, mashine ikiwa imetulia. Kifaa cha kuipakia mzigo na kupima milisekunde sina. Nabahatisha kwa uzoefu, nafunga nyingine ya majaribio, nasubiri. Kuna onduleri za mawimbi ya ngazi-ngazi ambazo pawa saplai fulani nzima kabisa zinazikataa, na hapo nabadilisha onduleri.

Umbo na plagi, haraka: ATX ya kawaida ni milimita 150 kwa 86, haiingii kwenye kasha jembamba. TFX na Flex ni nyembamba, lakini viwanda vya mashine za ofisi vina maumbo na plagi zao: EliteDesk hiyo ina pini 6, OptiPlex 9020 ina 8, si 24. Adapta zipo. Za HP zina kibao cha kupandisha volti 5 za kusubiri (zinazobaki mashine ikiwa imezimwa) hadi 12, na nyaya zake nyingine ni nyembamba kiasi kwamba sipendi kumwachia mtu mashine hiyo iwake usiku. Swichi nyekundu ya 115 na 230, ukiikuta, iwe 230. Na usifungue pawa saplai yenyewe. Ile kapasita inaweza kushika volti zaidi ya 300 hata ukishachomoa waya.

Ukitaka kuniandikia, tuma picha tatu: lebo nzima, plagi inayoingia kwenye madabodi, na onduleri yako. Ukiandika tu "600 ni ngapi?" sijibu.