Vipande Viwili vya Chokoleti na Mlango Uliofungwa

Alifunga mlango kabla ya kukaa. Ishara hiyo naijua vizuri kuliko kipimo chochote cha damu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito miezi minane nyuma, amepungua kiasi cha kubadilisha nguo zote za kabatini. Akavuta kiti karibu na meza yangu, akashusha sauti: "Daktari, nimekula chokoleti." (Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, ila nimechoka kuwasahihisha.) Nikamuuliza kiasi gani. Vipande viwili. Lini? Siku kumi na moja zilizopita.

Siku kumi na moja mtu anatembea na vipande viwili vya chokoleti moyoni kama aliyekula mali ya yatima.

Zamani ningemwongezea mzigo. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nawapa wagonjwa karatasi yenye safu mbili, vya kula upande mmoja na marufuku upande wa pili, na ile ya pili niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilijiona makini sana. Baada ya muda nikagundua kwamba madaftari yao ya chakula yanakuja safi mno, kila siku kuku na mboga, huku mizani ikisema mengine. Hawakuwa waongo. Mimi ndiye niliyewafundisha kunificha.

Kiswahili kina neno ambalo lugha ya hospitali haina: kudokoa. Anayedokoa anachukua kidogo kidogo, huku anatazama mlangoni. Na anayeiba vitu vidogo vidogo tunamwita mdokozi, neno lile lile. Waliotutungia lugha waliona kwamba kula hivyo na kuiba hivyo ni tabia moja. Baada ya upasuaji huu, tabia inayonitia wasiwasi ndiyo hiyo, kudokoa mchana kutwa: biskuti nusu jikoni, kijiko kimoja cha aiskrimu mbele ya friji, kipande cha keki ambacho hakikuwekwa kwenye sahani kwa hiyo hakikuhesabiwa. Mtu hakumbuki kukila na hakufurahia hata tonge moja. Amebaki na hatia tu, na sukari imeingia vile vile.

Kabla sijaenda mbali, nieleze upasuaji wenyewe ulibadilisha nini, maana ushauri wangu unatoka humo. Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Kwenye slivu, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha mrija mwembamba; mlango wa chini wa tumbo, ule msuli unaoachia chakula kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo, hubaki mahali pake. Kwenye baipasi, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, kisha kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hakipiti tena kwenye ule mlango.

Kwa kitu kitamu, mlango huo ni jambo kubwa. Sukari nyingi ikiteremka kwenye utumbo kwa mkupuo huvuta maji kutoka kwenye damu, na utumbo humwaga homoni zake kwa fujo. Ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, kichwa chepesi, tumbo linasokota, pengine na kuharisha. Hiyo ndiyo dampingi. Iko pia ya kuchelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula: sukari ya damu ilipanda ghafla, kongosho likajibu kwa insulini, homoni ya kushusha sukari, kupita kiasi, sasa sukari imeshuka na mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, wakati mwingine anazimia. Ya kuchelewa mara nyingi hujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati mtu ameshajiona amemaliza masomo. Ikikupata, usijitibu kwa pipi ukanyamaza. Mwambie daktari wako. Dampingi huwapata zaidi wa baipasi, ingawa wa slivu nao hawako salama kabisa.

Nimewasikia wenzangu wa fani wakiisifu dampingi kama mlinzi: ukila vibaya unapigwa, utajifunza. Sipendi kabisa mafunzo ya namna hiyo. Mgonjwa aliyetokwa jasho baada ya kipande cha keki anatoka hapo akiamini ameadhibiwa. Ukweli ni kwamba maji yalihama kutoka kwenye damu kwenda kwenye utumbo. Hiyo ni fizikia, na fizikia haina habari na dhambi za mtu.

Kuna lingine. Sehemu ya juu ya tumbo inayokatwa kwenye slivu ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa mwaka 1999. Ndiyo maana wengi huniambia kwa mshangao miezi ya mwanzo: "Sisikii njaa kabisa." Kweli, njaa imepungua. Ila njaa na hamu si ndugu wa tumbo moja. Njaa inatoka tumboni. Hamu inatoka kichwani, kwenye kumbukumbu, kwenye harufu, kwenye saa kumi jioni ya siku ndefu kazini. Hakuna kisu kinachokata kumbukumbu. Mgonjwa anayerudiwa na hamu ya kitu kitamu mwezi wa saba hajashindwa upasuaji. Ana ubongo unaofanya kazi.

Basi chokoleti inaliwaje? Kwanza si mapema. Wiki za mwanzo ni za maji, kisha vimiminika vizito, kisha vilivyopondwa, kisha laini, na kwa kawaida ni wiki ya sita hadi ya nane ndipo mtu anarudi kwenye chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Wakati huo kovu linapona, na nafasi ndogo iliyopo yote ni ya protini, angalau gramu 60 kwa siku, na maji. Mimi huwa sizungumzii vitamu mpaka mgonjwa ameweza kufikisha protini yake bila kuhangaika kwa wiki kadhaa mfululizo. Wengine hufika mwezi wa tatu, wengine wa sita.

Ukifika, nataka ule kitu hicho ukikijua jina. Usiseme "kitu kitamu", sema "vipande viwili vya chokoleti ya maziwa". Gramu 20 za chokoleti ya aina hiyo zina sukari kama gramu 10, yaani vijiko viwili na nusu vya chai, na kalori zisizozidi sana 100. Kwa wa baipasi huwa naanzia na kanuni ya kutovuka gramu 15 za sukari kwa mara moja, na wapo wanaodhurika chini ya hapo, kwa hiyo jaribio la kwanza liwe dogo na liwe nyumbani, usijaribie harusini. Kula baada ya mlo wenye protini, si tumbo likiwa tupu. Chakula kilichotangulia hupunguza kasi ya sukari, na pia hakiachi nafasi ya kipande cha tano.

Kisha weka kwenye sahani, hata kama ni vipande viwili tu. Wagonjwa hucheka nikisema hivyo. Lakini jaribu kudokoa kitu kilicho kwenye sahani, mezani, mbele ya watu, uone kama utaweza. Kaa. Acha simu. Chukua kipande kimoja, usikitafune, kimumunye mpaka kiyeyuke chenyewe. Kama unaweza kukimaliza kwa dakika tano, sawa. Kumi ni bora zaidi.

Sababu yake si adabu ya mezani. Mwaka 1981 mtafiti wa ulaji Barbara Rolls na wenzake waliandika kuhusu jambo ambalo sisi tunalijua kwa neno kukinai: utamu wa chakula kimoja hushuka kadiri unavyoendelea kukila, hata kama tumbo lina nafasi ya kingine. Matonge ya kwanza ndiyo yenye raha karibu yote. Anayefakamia hupita hapo mbio na kuendelea kula ile sehemu isiyo na raha, akiitafuta iliyokwisha kupita. Anayemumunya polepole hukinai mapema. Na baada ya upasuaji ulimi wenyewe mara nyingi umebadilika. Watu wengi huniambia soda au keki waliyoililia miezi sita imekuwa tamu ya kuchefua. Wanasikitika kidogo wakisema hivyo. Nawaelewa, wamefiwa na rafiki.

Nionye kuhusu vyakula vinavyoteleza. Kifuko kidogo hukupa ishara ya kushiba pale kinapopata kitu kizito, kama nyama, samaki au yai. Aiskrimu haikipi ishara hiyo. Inayeyuka, inapita, nafasi inabaki, unaongeza. Biskuti laini zikichanganyika na kinywaji ni hivyo hivyo, na vibanzi vya pakiti vinavyosagika mdomoni. Mtu anaweza kula nusu ya kopo la aiskrimu akiwa na tumbo la mililita 30 na asisikie chochote mpaka dampingi ibishe hodi. Ndiyo maana mimi, nikiulizwa nichague kati ya chokoleti na aiskrimu, huchagua chokoleti bila kusita, na aiskrimu nairuhusu kwa kijiko kidogo, kwenye bakuli dogo, kopo likiwa limesharudi kwenye friji.

Na pipi zisizo na sukari? Watu huzinunua kwa nia njema. Nyingi zina sorbitoli au maltitoli, vitia utamu vinavyochukua nafasi ya sukari, ambavyo utumbo hauvifyonzi vizuri, na mwisho wake ni gesi na kuharisha. Nimepokea simu za hofu kuu kuhusu dampingi ambayo haikuwa dampingi. Ilikuwa pakiti nzima ya pipi "salama". Mara nyingi kipande kidogo cha kitu halisi ndicho chepesi zaidi.

Pombe siiweki kwenye kundi hili la vitamu vidogo, na silainishi hapo. Baada ya upasuaji, hasa baipasi, huingia kwenye damu haraka na kufika juu zaidi, na uraibu wa pombe umeonekana kuongezeka kuanzia mwaka wa pili.

Sasa nirudi kwa mgonjwa wangu wa mlango uliofungwa, maana vipande vyake viwili havikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa lile alilolisema mwishoni, karibu kwa bahati mbaya: siku ile ile, baada ya chokoleti, alikula pia keki, kisha karanga za sukari, kwa sababu "siku ilikuwa imeshaharibika." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hiyo inafaa kwa kazi ngumu na ndoa. Kwa chokoleti ni balaa.

Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack waliliona hilo katika jaribio. Waliwapa baadhi ya wanafunzi wa kike maziwa matamu mazito, wengine hawakuwapa, kisha wakawaambia wote waonje aiskrimu kadiri wapendavyo. Wasiokuwa na mazoea ya kujinyima walipunguza aiskrimu baada ya maziwa, kama akili ya kawaida inavyotarajia. Waliozoea kujinyima walifanya kinyume: wakishakunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi zaidi. Kanuni ilikuwa imevunjika, basi liwalo na liwe. Kadiri safu yangu ya kalamu nyekundu ilivyokuwa ndefu, ndivyo nilivyokuwa nawatengenezea wagonjwa milango mingi ya kuvunja.

Hatia pia hupotosha hesabu. Mtu akiona kilo mbili zimerudi mwaka wa tatu, anakumbuka keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wake na kuishtaki. Lakini uzito kurudi kidogo ni sehemu ya mwendo wenyewe. Katika utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987, waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka mmoja hadi miwili ya kwanza. Miaka kumi baada ya upasuaji ilikuwa asilimia 25. Keki moja haikufanya hivyo. Kudokoa kila siku kunaweza kuongeza, na hilo ndilo tunalokaa kulitazama pamoja, bila kutafuta mshtakiwa.

Kuna hali ambayo ushauri wangu wa sahani na kumumunya hautoshi. Ikiwa ukianza huwezi kuacha, ikiwa unajificha kula mara kwa mara, ikiwa unajitapisha ili "kurekebisha", hayo si mambo ya chokoleti na wala si ya mtaalamu wa lishe peke yake. Yanahitaji mwanasaikolojia, na mapema. Nalisema kwa sauti ile ile ninayosemea vidonge vya vitamini B12, maana yote mawili ni matibabu.

Nilimwomba yule mgonjwa afanye jambo moja tu kabla ya miadi ijayo: akila kitu kitamu, akile mezani, na mtu wa nyumbani kwake akimwona. Alinitazama kama niliyemwagiza avue nguo sokoni.

Aliporudi baada ya wiki sita aliuacha mlango wazi. Alikuwa amekula keki kwenye sherehe ya mwanawe, akiwa amekaa, dada yake kando yake. Tonge tatu. Ya nne aliiacha kwenye sahani, kwa sababu haikuwa tamu kama alivyoikumbuka, na dada yake akaimalizia. Alinieleza hayo kwa nusu dakika, kisha akafungua mkoba, akatoa chupa ya kalsiamu na kuniuliza kama anaweza kuimeza pamoja na madini ya chuma. Nikamwambia hapana, ziachane kwa saa mbili, na tukaendelea na hilo.